Mama Sindano na Vifungo Vitano

Kopo la vifungo lilipotea siku ya Jumapili, na Mama Sindano alijua kabla hajamaliza chai. Si kwamba aliona. Kuona kwake kulikuwa kumebaki kama kuchungulia nje kupitia kioo chenye mvuke: watu walikuwa vivuli, taa zimeota manyoya, rangi nyingi zimekuwa rangi moja. Alinyoosha tu mkono kwenye pembe ya meza ya cherehani, pale kopo lilipokaa siku zote, na mkono ukapapasa mbao tupu. Kisha akaita, kwa ile sauti ambayo wanafunzi wake wa ushonaji waliiogopa kuliko mkasi.

"Nani kagusa kopo langu?"

Nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na kitinda mimba wake, kwa hiyo lile halikuwa swali, ilikuwa nafasi ya mtu kukiri mwenyewe. Binti akatoka jikoni anafuta mikono. Akasema ameviazima vifungo, vya kazini, akimaliza atavirudisha vyote.

"Vya kazini," Mama Sindano akasema. "Kompyuta zenu siku hizi zinavaa mashati?"

Binti akacheka. Mama hakucheka. Vifungo vile alivikusanya miaka arobaini, kimoja kimoja, na kila kimoja vidole vyake vilikijua: cha mbao, cha pembe, cha chuma, vile vidogo vya mashati ya wauguzi vyenye matundu manne. Lakini tukisema ukweli, vifungo havikuwa ndivyo vilivyompandisha roho. Chini ya kopo kulikuwa na droo, na ndani ya droo, chini ya reli za uzi, kulikuwa na karatasi ya hospitali iliyokunjwa mara nne. Mkono uliofika kwenye kopo ungeweza kufika na kwenye droo. Alingoja mpaka binti karudi jikoni, akaivuta droo taratibu, akapapasa. Karatasi ilikuwepo. Roho ikashuka.

Mama Sindano alikuwa fundi cherehani tangu akiwa msichana. Shuleni alikaa kiasi cha kujua tarakimu na jina lake, basi. Alisema mengine angeyajua kwa macho na kwa kuuliza, na kwa kweli hakuuliza sana. Alilea watoto watatu kwa mguu wake wa kulia, ule wa kukanyagia cherehani. Mkubwa alikuwa ng'ambo, wa pili alikuwa mtu wa kupiga simu. Huyu wa mwisho ndiye aliyemchukua miaka miwili iliyopita, jicho la kushoto lilipozimika kabisa na la kulia likaanza kufuata njia hiyohiyo. Mtoto wa jicho, madaktari walisema. La kushoto lilishachelewa. La kulia bado lingeweza kuokolewa kwa upasuaji, lakini si kwa kungoja sana.

Sasa hapo ndipo penye mkasa.

Wiki mbili kabla ya kopo kupotea, alikwenda kliniki ya macho peke yake, kwa teksi ya jirani, maana hakupenda kusindikizwa kama mzigo. Muuguzi akampa tarehe. Daktari mpasuaji alifika pale mara mbili tu kwa mwaka, na safari hii angefika Jumatano, wiki tatu na siku chache mbele. Halafu muuguzi akamwambia sharti. Kwa kuwa jicho la pili limekufa, siku akifungwa bandeji atakuwa kama kipofu. Lazima awe na mtu wake wa nyumbani, siku tatu kamili: siku ya kupasuliwa, siku ya kufunguliwa, na siku nzima ya kwanza ya kutiwa dawa mbili tofauti, kila baada ya saa kadhaa, bila kukosea chupa. Mtu huyo atie sahihi mlangoni. Bila mtu, hakuna upasuaji.

Mama Sindano akajibu kwamba mtu anaye. Kisha akakaa kwenye benchi kungoja teksi, na mbele yake akarudishwa nyumbani mama mmoja mnene aliyekuja peke yake akitegemea huruma. Yule mama alilia, akaapa, akataja watoto wake wote kwa majina. Wakamwambia aje baada ya miezi sita.

Alipofika nyumbani, binti akauliza wamesemaje. Mama akasema wamempa Jumatano, kitu kidogo tu, unipeleke asubuhi ukaendelee na mambo yako, nitarudi na teksi. Karatasi akaisukuma chini ya reli za uzi.

Kwa nini alidanganya? Ukimuuliza angekwambia hakudanganya, alifupisha. Lakini sababu aliijua. Mwaka mmoja nyuma, siku moja akiwa chumbani, alimsikia binti akizungumza na simu ukumbini. Mtu wa upande wa pili alikuwa anampa nafasi ya kazi ya mbali, kazi kubwa. Binti akamjibu, kwa sauti ya kawaida tu, "Haitawezekana. Nina mama." Alilisema kama mtu anavyosema nina kisukari. Labda hakulisema hivyo, labda sikio la mama ndilo lililosikia hivyo, lakini lilishasikia. Tangu siku ile Mama Sindano akajiapia kwamba hatakuwa tena kitu cha kupunguza kwenye maisha ya mtoto wake.

Mpango wake wa siku ya upasuaji ulikuwa huu: atafika, atasema mtu wangu yuko nje ananunua maji, na mengine yatajipa yenyewe. Ulikuwa mpango mbovu na yeye alijua kwamba ni mbovu. Lakini ulikuwa wake.

Jumatatu, saa tatu asubuhi, wakaja watu wa kazini. Ofisi yao ilikuwa imevuliwa dari, mafundi umeme wamejaa humo na nyaya zao, na binti akawa amewaomba wenzake wafanyie mkutano kwake. Walikuwa watatu, na yeye wa nne. Wa kwanza kuingia alikuwa mwanamume wa makamo mwenye kikohozi cha makusudi, waliyemwita Mjomba ingawa hakuwa mjomba wa mtu pale. Wa pili alikuwa kijana mzima aliyetoka kupata watoto wawili kwa mpigo, kwa hiyo jina lake lilishapotea, sasa alikuwa Baba Pacha. Wa tatu alikuwa dada mwenye sauti kavu waliyemwita Mpimaji, kwa sababu kazi yake ilikuwa kujaribu kila walichotengeneza wenzake mpaka akivunje. Wote wakamwamkia, "Shikamoo, Mama," naye akawaitikia marahaba bila kusimamisha cherehani. Alikuwa anapinda pazia. Pazia halihitaji macho.

Walichokuwa wanakitengeneza kilikuwa programu ya maktaba ya chuo kimoja, ya kujua kitabu gani kiko kwa nani na kitarudi lini. Kazi yao waliikata vipande vya wiki mbili mbili, na kila kipande walikiita sprinti. Kabla ya kuanza sprinti, binti alieleza huku akimimina vifungo juu ya meza ya chakula, ni lazima wajue timu ina uwezo kiasi gani. Sio kazi ziko ngapi, kazi haziishi. Watu wako kiasi gani.

Mama Sindano, nyuma ya pazia lake, akaguna. Watu wako wanne, alijisemea, mtoto wa darasa la kwanza anaona.

Lakini akaendelea kusikiliza, kwa sababu vifungo vilikuwa vyake na alitaka kujua vinafanywa nini. Binti alihesabu ishirini kwa kila mtu. Siku kumi za kazi, kila siku vifungo viwili, kimoja cha asubuhi na kimoja cha mchana. Kila mtu akawa na kichuguu chake mbele yake. Katikati ya meza binti akaweka kisahani. Mtu anatoa kwenye kichuguu vile ambavyo hatakuwa navyo, anavitia kwenye kisahani. Zamani walikuwa wanafanya hesabu hiyo kwenye kompyuta, akasema, na watu walikuwa wanaandika tarakimu bila kufikiri. Kifungo ukikitoa kwa mkono unakisikia.

"Kwanza mikutano," binti akasema. "Viwili viwili."

Vikalia kwenye kisahani, viwili mara nne.

Baba Pacha akaongeza vinne. Akasema Jumanne ni chanjo ya watoto, na wiki inayofuata mkewe anaanza kazi, kwa hiyo asubuhi tatu hatafika mapema, na akifika asitegemewe kuwa na akili. Alisema hivyo bila kuinamisha kichwa. Mama Sindano alingoja kicheko, au kile kimya kinachomnyoa mtu bila maji. Havikuja. Mpimaji naye akatoa vitatu, hakusema vya nini, na hakuna aliyemuuliza.

"Huulizi?" Mjomba akamchokoza binti.

"Sababu ni ya mtu. Mimi nataka hesabu."

Ikafika zamu ya Mjomba. Mjomba hakutoa kitu zaidi ya vile viwili. Akakunja mikono akasema yeye yupo, kumi kwa kumi, hana mtoto mchanga, hana harusi, hana mgonjwa. Binti akamkumbusha kwamba wiki hizi mbili ni yeye mwenye zamu ya kushika simu ya dharura: programu ikikwama chuoni, anayepigiwa ni yeye. Zamu hiyo siku zote inakula vifungo vinne.

"Mimi nazima moto huku naendelea kupika," Mjomba akasema.

"Safari iliyopita uliunguza vyote," Mpimaji akamjibu. "Ulisema ishirini. Siku ya nne ulikuwa uvunguni mwa gari lako, kadi zako sita za kazi nikazibeba mimi na Baba Pacha. Toa vinne."

"Dada, wewe huna huruma."

"Huruma ninayo. Vifungo ndivyo sina."

Wakacheka, hata Mjomba, na vinne vikalia. Nyuma ya cherehani Mama Sindano alijikuta anatabasamu, akajirudi haraka. Hakuwa upande wao. Katika siku zake yeye kazi ikija ilipokelewa. Mwaka ule chuo cha wauguzi kilipoleta agizo la sare mia moja na ishirini kwa siku tisa, alikuwa na mafundi wawili tu, na hakuhesabu mtu. Alisema zitakuwa tayari, zikawa tayari. Mpaka leo watu wa umri wake walilisimulia jambo hilo, na yeye akiwa karibu hakuwakataza.

Isipokuwa kulikuwa na kipande kimoja ambacho hawakukisimulia, kwa sababu hawakukijua. Mmoja wa wale mafundi wawili, mwanamke mpole waliyemwita Mdogo Wangu, ndiye aliyedarizi matundu ya vifungo vyote kwa mkono. Siku ya tano mkono wake ulivimba. Mama Sindano alimuuliza, "Unaweza?" Naye akajibu, "Naweza, Dada." Aliuliza vile akiwa amesimama, uzi mdomoni, macho kwenye kitambaa, kama mtu anayepita. Mdogo Wangu alimaliza sare zote. Vidole viwili vya mkono wake havikunyooka tena, na kabla ya mwaka kwisha aliacha kushona. Mama Sindano siku zote alisema, kama angesema hawezi ningemsikiliza. Alilisema hilo miaka thelathini, na kila mara alilisema haraka.

Cherehani ikanyamaza. Hakujua ni yeye aliyeondoa mguu.

"Mimi natoa viwili vya mikutano," binti akasema, "na kimoja cha Mama. Jumatano ya wiki ya pili nampeleka hospitali asubuhi."

Kifungo kikalia kwenye kisahani. Kimoja. Mama Sindano alikijua kwa mlio: cha pembe, kile kikubwa cha makoti.

Wakajumlisha. Mjomba kumi na vinne, Baba Pacha kumi na vinne, Mpimaji kumi na vitano, binti kumi na saba. Sitini kwa jumla. Hivyo ndivyo timu yao ilivyokuwa kweli. Ile themanini ya mwanzo ilikuwa ndoto. Kisha wakatoa kadi za kazi, kila moja imeandikwa vifungo inavyokadiriwa kula, wakaanza kuzipanga mpaka zifike hamsini. Vifungo kumi wakaviacha wazi, kwa yatakayozuka. Mjomba akasema kumi ni vingi. Mpimaji akamuuliza kama katika sprinti tatu zilizopita kuna hata moja ambayo kumi vilibaki. Mjomba akakohoa.

Kadi ya mwisho ndiyo iliyokuwa nzito. Kuhamisha kumbukumbu zote za zamani za maktaba kuziingiza kwenye programu mpya, vifungo vinane. Mwenye kuujua ule mfumo wa zamani alikuwa binti peke yake, maana aliujenga yeye, enzi hizo akiwa ameajiriwa peke yake. Na kazi hiyo haiwezi kufanyika maktaba ikiwa wazi. Maktaba ingefungwa kwa ukaguzi wa vitabu siku tatu tu: Jumatano, Alhamisi na Ijumaa ya wiki ya pili.

"Jumatano asubuhi si unakwenda hospitali?" Baba Pacha akauliza.

"Nampeleka tu. Saa sita nitakuwa nimeshakaa. Ni kitu kidogo, mwenyewe amesema."

Binti akaiweka kadi kwenye safu. Akasema saa sita kamili atawaandikia watu wa chuo barua pepe kuwaahidi hiyo tarehe, na wao watawatangazia walimu na wanafunzi. Akitangaza mkuu wa chuo, hakuna kurudi nyuma.

Saa ya ukutani ilikuwa ndiyo kwanza imelia saa tano.

Mama Sindano alikaa na pazia mapajani. Kichwani hesabu ilikuwa imeshamaliza kujifanya, bila yeye kuitaka. Siku tatu, vifungo sita. Kimoja kimetoka. Bado vitano. Siku zilezile za maktaba. Akijinyamazia, binti ataahidi, na Jumatano pale mlangoni watamdai mtu wa kutia sahihi. Labda binti ataacha kazi akimbilie kwake, na chuo kizima kitamwona mwongo. Au yeye mama ataitwa jina, ataitika peke yake, atarudishwa kama yule mama mnene. Miezi sita. Katika miezi sita iliyopita alikuwa amepoteza sura ya binti yake. Hakumwambia mtu, lakini akimtazama aliona mwanga tu wenye nywele. Miezi sita mingine asingeona hata mwanga.

Aliwaza, hawa watu hapa mbele yangu wamesema. Mwanamume kasema asitegemewe kuwa na akili, na dari haikuanguka. Binti yangu ameuliza akiwa amekaa, na amengoja jibu. Mimi ndiye niliyemjibu naweza.

Na palepale kiburi kikasema chake: watajua kwamba unahitaji kushikwa mkono kwenda msalani. Watajua wote wanne.

Akasimama.

Alikwenda kwenye meza kwa kushika viti, kimoja baada ya kingine, na kila mtu akadhani anakwenda jikoni. Akafika nyuma ya kiti cha binti, akapitisha mkono juu ya bega lake, akakipata kichuguu chake. Vidole vikahesabu vyenyewe. Kumi na saba, sawa. Akatoa kimoja, akakitia kwenye kisahani. Akatoa cha pili.

"Mama, unafanya nini?"

"Natoa."

"Mama, hivyo ni hesabu ya kazi."

"Kopo la nani?" Akatoa cha tatu. Akatoa cha nne.

Mjomba akaanza kucheka kidogo, kisha akaacha, kwa sababu aliuona mkono wa yule mama. Ulikuwa unatoa vifungo polepole, kama mkono unaolipa deni.

Cha tano kikalia. Mama Sindano akaushika mgongo wa kiti.

"Hawatanipasua bila mtu," akasema. "Siku tatu. Wameandika kwenye karatasi, iko kwenye droo, chini ya reli za uzi. Mimi nilikufupishia."

Binti akainuka, akaenda kwenye cherehani, droo ikafunguka. Karatasi ilipokunjuliwa ilisikika kote ukumbini. Alisoma, na alipofika mwisho alianza tena mwanzo. Baba Pacha alijifanya anatafuta kitu chini ya meza.

"Siku kumi na tano, Mama. Karatasi hii ina siku kumi na tano humu ndani."

"Najua."

"Ungeniambia lini? Nikiwa nimeshaahidi? Ungekwenda kusimama pale mlangoni, halafu?"

"Ningesema mtu wangu yuko nje ananunua maji."

Binti akatoa sauti ambayo haikuwa kicheko wala kilio. Akasema maneno mengine kadhaa, ya mtoto kwa mama anapokuwa na haki, na Mama Sindano aliyapokea yote akiwa amesimama wima, jambo ambalo hata yeye lilimshangaza. Mwishoni binti akauliza kwa sauti ndogo, kwa nini. Na mama yake, ambaye watu walimjua kwa kutopepesa maneno, akafupisha tena. Akasema tu, "Siku ile kwenye simu. Ulisema una mama."

Binti alichukua muda kukumbuka. Alipokumbuka alikaa chini.

"Nilisema nina mama," akasema, "kwa sababu ninaye. Ilikuwa sababu nzuri kuliko zote. Ile kazi yenyewe sikuitaka."

Mambo mengine ya jambo hilo waliyamaliza wenyewe baadaye, wakiwa wawili, na hayatuhusu. Pale mezani kulikuwa na wageni watatu, kadi moja ya vifungo vinane, na saa inakwenda. Mpimaji ndiye aliyerudisha watu kazini. Akainyanyua ile kadi nzito, akaitoa kwenye safu.

"Hamsini na vitano," akasema. "Hii haiingii."

"Hamsini na vitatu," Mjomba akasema. Akatoa viwili vyake, akavisukuma kwenye kisahani kwa kidole kimoja kama mtu anayerudisha kitu cha kuokota. Hakusema vya nini, hakuna aliyemuuliza. Mama Sindano pekee ndiye aliyegeuza uso upande wake, kama mtu aliyemtambua mwenzake.

Barua ya chuo ilikwenda kabla ya saa sita, na haikuwa ile iliyokusudiwa. Iliahidi mambo machache, na uhamishaji wa kumbukumbu ikausogeza hadi maktaba itakapofungwa tena, mwezi ujao. Watu wa chuo hawakufurahi. Walipiga simu mara mbili, na mara ya pili aliyepiga alikuwa mkubwa mwenye sauti ya kukwaruza, akasema alidhani anafanya kazi na watu wa uhakika. Binti alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamjibu kwamba ahadi atakayopewa leo ni ndogo kuliko ile aliyoitaka, na itatimia. Simu ilipokatika alikaa na kichwa mikononi kitambo. Mama Sindano alimsikia, na hakumwambia pole, kwa sababu pole isingetosha. Alimletea chai, ya kumwagikia kidogo kwenye kisosi, kama chai zake zote za mwaka ule.

Kisha wakamsaidia kurudisha vifungo kwenye kopo. Alivihesabu kwa vidole mbele yao bila haya. Kimoja kilipungua, na hakuna aliyeruhusiwa kuondoka mpaka Baba Pacha akakipata kwenye pindo la suruali yake.

Jumatano binti alitia sahihi mlangoni. Alikuja bila kompyuta. Mama Sindano alihakikisha kwa kupapasa mkoba wake wote, na binti akatania kwamba askari wa lango wa zamu hii ni mkali. Upasuaji wenyewe ulikuwa mfupi kuliko kungoja kwake. Siku nzima iliyobaki alikaa gizani, na kweli alishikwa mkono kwenda msalani, mara nne, na kila mara alitoa maelekezo ya namna bora ya kumshika. Usiku alilala. Asubuhi muuguzi akamkalisha kwenye kiti karibu na dirisha, akafungua bandeji, akasafisha, akamwambia afumbue polepole.

Mwanga uliingia wote kwa pamoja, akafumba. Akafumbua tena.

Kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa kifungo. Binti alikuwa ameinama mbele yake, koti lake jeusi la kazini limefungwa mpaka juu, na vile vifungo vikashuka mbele ya uso wa mama yake kama vinavyoshuka kwenye mwili wa mtu: kimoja, viwili, vitatu, na cha nne. Mama Sindano akanyoosha mkono akakishika kile cha nne. Alikijua. Alikishona yeye mwenyewe mwaka jana, kilipodondoka cha asili. Alichagua kwenye kopo kwa vidole, cha pembe, saizi ileile, akakishona kwa mafundo mawili.

"Hiki ni cha kijani," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Kijani kabisa. Kama jani."

"Ndiyo."

"Na umekuwa ukienda nacho kazini. Mwaka mzima."

"Mwaka na miezi miwili."

Mama Sindano alinyanyua uso kutoka kwenye kifungo. Sura ilikuwa pale, yote, na mistari miwili kando ya mdomo ambayo hakuwahi kuiona, na mvi tatu nne juu ya sikio. Akaitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayekagua mshono alioukabidhi kwa mwingine amalizie.

"Ulijua hakifanani. Kwa nini hukusema?"

"Ungeniambia unaona," binti akasema.

Muuguzi akawaambia wasicheke, jicho bado bichi. Wakajizuia kadiri walivyoweza. Kisha binti akachukua chupa mbili za dawa, akaziinua kwenye mwanga, akasoma maandishi ya chupa ya kwanza kwa sauti, neno kwa neno, na mama yake akaegemeza kichwa nyuma akangoja tone.